Vifundo Kumi vya Nyasi

Mwalimu Moureen Bonareri alikuja shuleni kwetu mwezi wa pili, miaka mitatu iliyopita, akiwa na begi moja na godoro lililofungwa kwa kamba ya katani. Hakuajiriwa na serikali. Aliandikwa na halmashauri ya shule, yaani wazazi wenyewe, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Alipanga chumba Mogogosiek, nyuma ya duka la mbegu na dawa za mifugo, mahali ambapo harufu ya majani chai kutoka kiwandani huingia asubuhi na haitoki. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, hana mume, hana mtoto, na kati ya walimu tisa yeye peke yake ndiye aliyekuwa Mkisii.

Hakuna aliyemtendea ubaya. Saa ya chai walimu wengine walizungumza Kipsigis. Wakikumbuka kwamba yupo, waligeukia Kiswahili kwa sentensi mbili tatu, kisha wakasahau. Yeye alitabasamu na kuendelea kusahihisha vitabu. Mimi ni karani wa shule hiyo na meza yangu iko karibu na mlango wa chumba cha walimu, kwa hiyo nilikuwa naona. Tulijua kwamba anatoka upande wa Nyamira, ng'ambo ya Chepilat, ikatosha.

Mwezi wa saba mwaka jana, mwalimu mkuu, Bwana Bethwel, aliamua kwamba muhula utafungwa kwa Siku ya Utamaduni. Kila darasa lingeonyesha maisha ya jamii moja ya Kenya. Aliandika majina ya jamii kwenye vikaratasi, akavitia ndani ya kofia yake ya mvua, akaipitisha. Darasa la Nne likapata Wamaasai, la Sita Waswahili wa Pwani. Mwalimu Bonareri, wa Darasa la Tano, akafungua chake na kusoma: Wahindi.

Chumba kizima kilicheka. Mmoja alimuuliza kama watoto watafungwa vilemba kwa mashuka ya bweni la jirani. Mwingine, kwa wema, alimwambia achague tena. Mwalimu Bonareri alikunja kikaratasi mara mbili, akakiweka kwenye mkoba.

"Wacha kikae," alisema. "Hiki nakijua."

Alikijua kwa sababu mama yake aliwahi kufua nguo mjini Sotik, katika nyumba ya mwenye duka mmoja Mhindi, na yeye alikuwa akienda naye siku za likizo. Nyumba hiyo ilikuwa na msichana wa rika lake aliyeitwa Hansa. Kila mwaka, mwezi wa nane, mwezi mpevu ukifika, ilikuwa siku ya Raksha Bandhan, na Hansa alivaa nguo mpya, akamkalisha kaka yake kitini na kumpaka alama nyekundu kwenye paji la uso. Kisha alimfunga uzi wa rangi kwenye mkono wa kulia na kumlisha kitu kitamu. Kaka naye alimpa dada zawadi na kuahidi kumlinda maisha yake yote. Bonareri aliyatazama hayo kutoka mlango wa nyuma, akishika beseni. Mwaka mmoja Mama Hansa alimfungia vitamu kwenye gazeti na kumwambia ampelekee kaka yake nusu. Jioni ile alichomoa uzi kwenye gunia la sukari akamfunga kaka yake mkononi. Kaka alimcheka, lakini aliuvaa mpaka ukakatika wenyewe.

Somo lilifanyika siku ya Alhamisi. Alianza na mapishi. Watoto ishirini na saba walikuwa wameambiwa kila mmoja alete maziwa kwenye chupa ndogo, na mpishi wa shule aliwapa jiko moja nje. Maziwa yanachemshwa na kukorogwa bila kupumzika mpaka yanakuwa mazito kama ugali mwepesi, ndipo yanatiwa sukari na iliki. Walikoroga kwa zamu. Yalipokaribia kuwa mazito, Kiptum, ambaye huchelewa kila siku, alifika mbio na kumimina chupa yake bila kuuliza. Mama yake alikuwa amempa mursik, maziwa yetu yaliyolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Sufuria nzima ilikatika, ikageuka rangi ya kijivu.

Watoto walimgeukia mwalimu. Yeye alichota kidogo kwa ncha ya mwiko, akaonja, akasema waendelee kukoroga. Walifinyanga vidonge vya kijivu, wakavibonyeza katikati kwa kidole gumba, wakavila vyote. Akawaambia vitamu hivyo vinaitwa penda, na kimoja kinaitwa pendo. Ndivyo alivyowasikia wenyewe wakisema kule Sotik, na ndivyo lugha yao ilivyo. Darasa lilipasuka kwa kicheko. Aliwaacha wacheke.

Kisha wakaingia kwenye nyuzi. Alikuwa na donge moja la sufu nyekundu. Kila uzi ulisukwa kwa nyuzi tatu, na juu yake likabandikwa ua lililokatwa kutoka pakiti ya unga, kwa gundi ya uji. Kazi ilikuwa nzuri lakini kusuka kunakula uzi. Wasichana walikuwa kumi na sita, na donge likaisha baada ya nyuzi sita. Mwalimu Bonareri alitazama dirishani, akawaambia wale kumi waende kwenye ua wa shule wakatafute nyasi ndefu, laini, zisizokatika zikisukwa.

Niliwaona wakirudi na mafungu. Nilikuwa nachapa mitihani, nikadhani ni nyasi za kufagilia, nikainama tena.

Zilikuwa segutiet. Kila Mkipsigis mzima anazijua. Kwetu, siku ya ndoa ya kienyeji, mume na mke hufungana nyasi hizo mkononi mbele ya wazee, na hapo ndipo wanapokuwa mume na mke. Pete ilikuja baadaye na kanisa. Watoto wa miaka kumi na mmoja, wengi wao wameona harusi za pete tu. Wachache waliojua walichekeana na kunyamaza, wakidhani Madam anajua anachofanya. Madam hakujua. Alizisifu nyasi kwa ulaini wake.

Wavulana walikuwa kumi na mmoja tu, kwa hiyo wasichana watano walibaki bila wa kumfunga. Aliwaambia wawafunge wasichana wenzao, maana hata dada humlinda dada. Alama ya paji la uso waliipaka kwa udongo mwekundu uliolowekwa maji, na sinia lilikuwa kifuniko cha sufuria. Nilipopita kwenda kupiga kengele nilimwona amesimama nyuma ya darasa, mikono ndani ya mifuko ya sweta, akiwatazama wakifungana. Hakuna aliyemfunga yeye.

Nyumba ya kwanza kuliona jambo ilikuwa ya Kogo Rebeccah, nyanya yake Kipkurui wa Darasa la Tano; Kogo kwetu ni nyanya. Shamba lake la chai linapakana na la kwetu nyumbani. Alikuwa amekaa uani akipukuchua mahindi, mjukuu akapita na mkono wake.

"Nani amekufunga hiyo?"

"Nelvine, Kogo."

"Nelvine wa nani?"

"Wa kina Lenah, pale chini. Madam alitufundisha penda, halafu wasichana wakatufunga."

Nelvine na Kipkurui ni wa ukoo mmoja. Kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani hata wakiwa wazee wasio na meno. Kogo aliliweka gunzi chini. Hakuthubutu kuikata ile nyasi, na alimkataza Kipkurui asiiguse. Asubuhi yake kwenye kituo cha kupimia chai, wakati watu wamepanga foleni na vikapu vyao, habari ilikuwa tayari imeiva: mwalimu Mkisii anawafundisha watoto mapenzi, kisha anawaozesha.

Kikao cha wazazi kiliitwa Jumatatu, katika Darasa la Tano, watu wazima wakiwa wamekunja magoti kwenye viti vya watoto. Niliandika kumbukumbu. Mchungaji aliuliza kama watoto waliabudu miungu, na Mwalimu Bonareri akajibu kwamba hapana, walipika na kusuka uzi ambao dada humfunga kaka yake. Mwenyekiti wa halmashauri aliuliza penda ni nini. Alieleza juu ya maziwa, sukari na iliki. Mwenyekiti alifikiri kidogo, akaniambia niandike "tamutamu ya maziwa" na lile neno lenyewe niliache.

Baba mmoja alisema kutoka nyuma, "Yeye mwenyewe hajaolewa, sasa anatuozea watoto."

Watu walicheka. Hilo sikuliandika. Mwalimu Bonareri alikuwa akitazama meza, mahali mtoto fulani alipochora gari kwa kalamu ya wino.

Mama mmoja alijaribu kumsaidia. Alisema kwamba watano kati ya waliofungwa ni wasichana, wamefungwa na wasichana wenzao, kwa hiyo ni wazi huu ni mchezo. Kogo Rebeccah aligeuka kitini.

"Mchezo? Kwetu mwanamke asiye na mtoto si anaoa mwanamke? Umesahau nyanya yako aliolewa na nani?"

Wakacheka tena, lakini yule mama alikaa chini. Baba wa Janeffer alisema yeye ana mkasi nyumbani, atakata ya mtoto wake dakika moja na maneno yaishe.

"Mkasi unakata," alisema Kogo. "Haufungui."

Wengi walikuwa wamelihofia hilo hilo tangu Alhamisi, kwamba nyasi ikikatwa ndoa inabaki, na ndiyo maana nyasi zilikuwa bado mikononi mwa watoto. Bwana Bethwel alisema mwalimu hakujua, na kutojua si dhambi. Kogo alikubali kwamba si dhambi. Kisha akamgeukia Mwalimu Bonareri, na kwa mara ya kwanza siku ile mtu akazungumza naye badala ya kuzungumza juu yake.

"Mwalimu, wewe una ndugu?"

"Ninaye mmoja, Kogo. Sijui aliko."

"Ulimfunga?"

"Nilimfunga. Kwa uzi wa gunia."

Kogo aliukaza mkanda wa shuka yake. Aliposema tena alisema na kikao. Nyuzi za sufu ni sufu tu, zitatupwa. Nyasi ni kumi. Watoto walitumwa, na aliyewatuma ndiye atakayefungua, kwa vidole vyake, nyumbani kwa kila mtoto, mbele ya watu wa nyumba hiyo, akisema kwa kinywa chake kwamba hapakuwa na ndoa. Wazazi waliunga mkono. Mwenyekiti aliongeza kwamba kabla ya shule kufungwa, majuma mawili baadaye, vifundo vyote kumi viwe vimefunguliwa. Kikibaki hata kimoja, mkataba wa mwalimu utakwisha siku hiyo ya kufunga.

Alipokuja kwenye meza yangu kutia sahihi kumbukumbu, aliniambia kwamba hana mahali pengine. Mama yake alikuwa amefariki na boma la kwao limefungwa. Simu ya kaka yake ilikuwa haipatikani kwa mwaka wa sita. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetaja anwani yake. Nikamwonyesha mahali pa tarehe.

Alianza jioni ile ile, kwa Kogo Rebeccah, kwa kuwa huko ndiko jambo lilikokuwa zito. Nyasi ilikuwa imekauka na fundo limekaza. Kipkurui alinyoosha mkono, jamaa wakasimama wakizunguka, na mwalimu alihangaika na fundo robo saa nzima. Mwishowe aliomba maji, akaliloweka, likalegea. Akasema maneno aliyoagizwa. Kogo aliiokota ile nyasi na kumpa ng'ombe, ng'ombe akaila.

"Imekwisha," alisema Kogo, akaingia ndani. Hakumkaribisha chai.

Kutoka hapo ikawa kila siku saa kumi, masomo yakiisha, Mwalimu Bonareri anatoka getini na mkoba wake na kushika njia za katikati ya mashamba ya chai. Habari ya ng'ombe ilimtangulia, na kila nyumba ikafanya hivyo hivyo. Kwa baba wa Janeffer walimtandikia kiti na kumpa chai ya maziwa matupu. Kwa mwingine, mwenye nyumba alimsimamisha nje ya ua, akamletea mtoto langoni na kumwambia amalize aende. Kwa kina Chepkosgei, aliyefungwa na Janeffer, bibi wa nyumba alimwangalia akifungua, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Unaniharibia, mwalimu. Nilikuwa nimeshapata mtu wa kunichotea maji."

Alikuwa hajawahi kuingia katika nyumba yoyote ya wanafunzi wake. Sasa aliziingia mbili, siku nyingine tatu. Alijua kwa nini Janeffer husinzia somo la kwanza: anakamua ng'ombe watatu kabla ya kuja. Alijua ni nyumba gani ina taa moja inayohamishwa kutoka jikoni hadi sebuleni. Saa ya chai alianza kutuambia. "Kumbe kwa kina Janeffer kuna mlima vile," alisema siku moja, na tukamgeukia. Tulizungumza juu ya mlima huo kwa dakika chache, kwa Kiswahili, kila mmoja akitaja mara yake ya kuteleza. Kisha mtu akasema neno kwa Kipsigis, wengine wakamjibu, na yeye akavuta vitabu vyake.

Kufikia Ijumaa ya juma lile alikuwa amefungua tisa. Wa kumi alikuwa Kiptum. Mama yake alikuwa amempeleka Sigor, kwa wazazi wa mama, kumuuguza babu, na haikujulikana watarudi lini. Shule ingefungwa Ijumaa iliyofuata. Jumamosi Mwalimu Bonareri aliondoka alfajiri, akafika Sigor saa nne, akauliza njia mara tatu.

Nchi ya kule ni kavu kuliko yetu, hakuna chai, ni mahindi na vumbi. Alimkuta Kiptum amekaa kwenye kizingiti na mkono wa kulia ameuficha nyuma. Nyasi yake ilikuwa imekatika yenyewe tangu Jumatano. Kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba inatakiwa kufunguliwa na si kukatika, aliiunga kwa uzi mweusi wa kushonea, na kila asubuhi aliukaza upya. Hakuwa amemwambia mtu.

"Madam, hii inahesabiwa?" aliuliza. "Ama nimekufukuzisha?"

Mwalimu alimwambia inahesabiwa. Aliufungua ule uzi mweusi polepole, mama mtu na babu mgonjwa wakitazama kutoka mlangoni na kitandani, akasema maneno yale kwa mara ya kumi. Kiptum mwenyewe aliipeleka nyasi zizini. Walimpa mwalimu ugali na maziwa lala, akala. Aliambiwa apumzike, jua ni kali, naye alipumzika mpaka saa tisa, ingawa gari la kurudi lilikuwa limepita mara mbili. Aliniambia kwamba njiani alihesabu kwa vidole kuona ni nyumba gani imebaki.

Jumatatu saa kumi alisimama getini na mkoba wake kama siku zote. Mlinzi akamfungulia. Alitazama barabara upande huu na upande ule, akamshukuru mlinzi, akarudi darasani akaketi.

Halmashauri ilikaa Jumanne. Nilisoma orodha ya nyumba kumi na kila moja ikathibitishwa na mzazi. Walipiga kura ya mikono: watano walitaka abaki, watatu walitaka aende. Akabaki, kwa sharti kwamba asifundishe jambo lolote lisilo kitabuni bila kuuliza. Kogo Rebeccah si mwanahalmashauri na hakuwepo. Siku ya Utamaduni Darasa la Tano lilionyesha vitamu tu, vyeupe safari hii, chini ya bango lililoandikwa kwa amri ya mwenyekiti: TAMUTAMU YA MAZIWA. Walikuwa wa nne kati ya madarasa sita. Wageni walikula sinia lote.

Shule ilifungwa. Walimu waliagana wakiulizana nani anaenda lini. Mwalimu Bonareri alipoulizwa kama anaenda nyumbani alisema ataenda. Hakwenda. Nilimwona mara mbili juma lile nilipofuata mbolea Mogogosiek, mara ya kwanza akianika nguo, mara ya pili amekaa mlangoni pa chumba chake, mikono imelala mapajani. Tulisalimiana. Alinisimulia kipindi kizima alichosikia kwenye redio ya mwenye duka, kupitia ukutani, mpaka na bei ya viazi.

Haya mengine niliyapata kwa Kogo Rebeccah, kutoka upande wake wa ua, na baadaye kwa mwalimu mwenyewe, na hayakupishana.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Mwalimu Bonareri alivaa rinda lake la kanisani, akatoka bila mkoba. Alisema hakuwa ameamua anakwenda wapi. Kogo alikuwa zizini anajiandaa kukamua, Kipkurui ametumwa dukani, na ndama alikuwa akimsumbua, anaponyoka na kurudi kwenye kiwele. Alipoinua kichwa, mwalimu alikuwa amesimama langoni.

"Mwalimu. Kuna nini tena?"

"Hakuna kitu, Kogo."

Kogo alichungulia barabarani nyuma yake kuona kama kuna wazazi wanamfuata. Hakuna aliyekuja. Mwalimu hatembelei nyumba ya mtu bure. Akija, mtoto amevunja dirisha au ameiba kitabu.

"Kipkurui amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nimepita tu."

"Unaenda wapi?"

Mwalimu Bonareri aliniambia kwamba hapo alitaka kuomba radhi na kurudi, na alikuwa ameshashika lango kwa mkono. Kogo naye aliniambia alimwangalia mpaka ndama akapata nafasi ya kunyonya tena, na ni hilo lililomkasirisha.

"Basi kama huna neno, njoo unishikie huyu ndama. Anamaliza maziwa."

Akaingia zizini na rinda lake la kanisani. Hakumvuta ndama kwa sikio wala kwa kamba kama watu wa mjini wanavyofanya. Alimpitishia mkono mmoja chini ya shingo, mwingine akaushika mkia kwenye shina, akamkaza kifuani, na ndama akatulia. Kogo alikaa kwenye kigoda chake. Alikamua kidogo, akageuza shingo akamtazama, akakamua tena.

"Kwenu mna ng'ombe?"

"Tulikuwa naye mmoja. Kaka yangu anakamua, mimi nashika ndama."

"Aliitwa nani?"

"Gekara."

"Nauliza ng'ombe," alisema Kogo.

Mwalimu Bonareri alicheka, na ndama akatikisika mikononi mwake. Kogo alisema hakujua kwamba huyu mtu anacheka kwa sauti hivyo. Kisha mwalimu akalitafuta jina kichwani, maana ilikuwa miaka mingi na hakuna aliyewahi kumuuliza. Maziwa yaliendelea kugonga ndoo. Kogo hakumharakisha.

"Rosi," alisema mwishowe. "Aliitwa Rosi. Alikuwa na pembe moja."

"Ilivunjika, ama alizaliwa hivyo?"

Na mwalimu akaanza kueleza ilivyovunjika.